Bi Nanikasema, Dada Yetu Aliyepiga Simu Kuuliza

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki, poleni, na asanteni kwa kufika. Tunayemsindikiza leo, Jumamosi tarehe 8 Juni 2024, ni dada yangu mkubwa. Nyumbani tulimwita Dada. Kazini na mtaani aliitwa Bi Nanikasema, na kwa kuwa jina hilo alilipenda kuliko lile la kwenye vyeti, familia imeona liandikwe hilohilo juu ya ratiba mliyoishika. Kazi ya kuandika na kusoma wasifu wake nimepewa mimi, mdogo wake wa kiume, mwalimu wa udereva, ingawa mkishasikia yote huenda mkajiuliza kama mimi ndiye niliyestahili.

Marehemu alizaliwa Alhamisi tarehe 3 Aprili 1958, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba cha pili kutoka kwenye bomba la maji. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto watatu wa karani wa stesheni na mkewe, mshonaji wa sare za shule. Kazi ya baba yetu ilikuwa kupokea taarifa za treni kwa simu ya kuzungusha mkono na kuziandika ubaoni kwa chaki, na watu walipomsumbua dirishani aliwajibu neno moja tu: treni haijafika mpaka uione. Dada alikua akilisikia neno hilo asubuhi na jioni. Watoto wa pale waliaminishana kwamba ukikanyaga mataruma ya reli peku siku ya Ijumaa, mguu unapooza. Alipokuwa na miaka saba, Ijumaa moja mchana, alivua viatu akakanyaga mataruma arobaini, moja baada ya jingine, huku wenzake wakiangua kilio pembeni. Akarudi nyumbani mbio, kuonyesha kwamba anaweza kukimbia. Mama alimchapa kwa kuchezea reli. Kwa kutaka kujua hakumchapa.

Alisoma shule ya msingi ya reli kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, kisha akachaguliwa kwenda sekondari ya wasichana, ya bweni, alikomaliza kidato cha nne mwaka 1975. Ripoti yake ya kidato cha pili bado ipo, binti zake wameihifadhi. Mwalimu wa darasa aliandika: "Ana akili, ila anauliza sana." Baba aliisoma mara mbili, akavua miwani, akasema, "Hiyo 'ila' wameiweka mahali pabaya." Mwaka 1976 alijiunga na chuo cha mawasiliano, akasomea uopereta wa simu kwa miezi tisa, akatoka na cheti cha daraja la kwanza na sauti ambayo wanaume wengi wa mji ule waliipenda bila kumwona mwenyewe.

Jumatatu tarehe 12 Septemba 1977 aliajiriwa na kampuni ya bima. Walimweka ghorofa ya chini, kwenye chumba kisicho na dirisha, mbele ya swichibodi yenye matundu mia mbili na nyaya za kuchomeka. Alikaa pale miaka ishirini na mmoja. Alijua kwa kichwa namba za simu zaidi ya mia tatu, na alijua pia nani hupokea upesi, nani hujifanya hayupo, na nani ukimtaka umpitie kwa katibu wake, ukianza kwa kumsalimia mtoto wa katibu. Siku moja mkurugenzi mkuu alitafutwa na makao makuu nusu saa nzima bila kupatikana. Dada alimpata kwa kinyozi, povu likiwa bado shavuni. Mkurugenzi alimuuliza, "Umejuaje nipo hapa?" Akajibu, "Nimeuliza, mzee."

Mwaka 1998 swichibodi iling'olewa, ikaja mitambo isiyohitaji opereta, naye akahamishiwa chumba cha barua. Mwaka uliofuata kampuni ilifunga kompyuta yake ya kwanza yenye barua pepe. Wakubwa hawakutaka kuigusa. Basi barua pepe zote za kampuni nzima zikawa zinaingia kwenye anwani moja, Dada anazichapa kwenye karatasi, anazikunja, anazitia kwenye visanduku vya idara kama barua za kawaida. Haikupita miezi mitatu akagundua kwamba nusu ya karatasi zinaliwa na zile barua za "tuma kwa watu ishirini". Kampuni ya simu inagawa simu bure. Kiwanda cha dawa ya meno kinatia kwenye dawa kitu cha kuyafanya meno yaoze mapema ili mnunue zaidi. Kampuni ya kompyuta inalipa kila anayesambaza. Zote zilikuwa na alama nyingi za mshangao, na zote zilisainiwa na daktari au mwanasheria asiyekuwa na simu.

Julai 2000, mkuu wa idara ya madai, mtu mzima mwenye mvi na ofisi yenye zulia, alishuka mwenyewe chumba cha barua kuuliza kama simu yake ya bure imefika. Alikuwa ameshatoa nakala za ile barua akazisambaza kwa watu sitini.

"Nani kasema zinagawiwa?" Dada akamuuliza.

"Si imeandikwa hapo, bibie!"

Dada akavuta simu ya mezani, akapiga ofisi za ile kampuni, akaomba mapokezi, akaulizia. Binti wa upande wa pili alicheka hadi akakohoa. "Mama, wewe ni wa arobaini na moja leo. Na saa nne haijafika." Dada akamshukuru, akachukua karatasi, akaandika kwa mkono: "Hakuna simu. Nimeuliza." Akaibandika kwenye ubao wa matangazo, karibu na ngazi. Kuanzia siku ile akawa Bi Nanikasema, na watu wa ghorofa tano wakawa wanamshushia barua zao kabla ya kuzisambaza. Alinunua daftari la mistari akaligawa sehemu tatu: kilichosemwa, niliyemuuliza, alichojibu. Hakuwahi kumcheka aliyeleta. Alisema aliyeleta kuuliza ameshafanya nusu ya kazi.

Sasa nafika mahali ambapo ningependa mwingine asome badala yangu.

Jumatatu tarehe 19 Februari 2001, Dada alichapa barua pepe kuhusu kiwanda cha biskuti kilichokuwa nje kidogo ya mji, kile ambacho harufu yake ilitufikia asubuhi upepo ukigeuka. Ilisema mfanyakazi mmoja ametumbukia kwenye mashine ya kukandia unga, amesagwa, na kiwanda, ili kuficha, kimeendelea kuoka na kuuza. Ilikuwa imeshazunguka wiki tatu. Maduka yalikuwa yanarudisha maboksi, na shule mbili zilikuwa zimewakataza watoto kubeba biskuti zile. Dada aliisoma hadi chini kabisa, kwenye orodha ya waliosambaza, na pale akakuta jina la ukoo wetu. Chini yake palikuwa na sentensi moja iliyoongezwa: "Habari hii ni ya uhakika, jirani yangu anafanya kazi pale."

Sentensi ile niliiandika mimi. Nilikuwa na miaka thelathini na minane, nina mke na leseni ya kufundisha watu barabarani, na niliituma kwa watu themanini na wanne.

Alinipigia chuo cha udereva. Hakupandisha sauti. "Jirani yako yupi anayefanya kazi pale?"

"Dada, ile ni namna ya kutia uzito tu."

"Uzito umetia. Umembebesha nani?"

Akaongeza, "Omba ruhusa kazini. Keshokutwa tunakwenda."

Kabla ya kwenda alipanda ghorofa ya tatu, idara ya madai, kwa sababu wafanyakazi wa kiwanda kile walikuwa na bima pale pale kwao. Kama kuna aliyekufa kazini, mjane wake angekuwa ameshafika na vyeti. Akafungua mafaili ya miezi mitatu. Hapakuwa na mjane wala vyeti. Yule mkuu wa madai akasema, "Basi, yameisha, ni uongo." Dada akamjibu, "Kutokuwepo kwa karatasi si kuwepo kwa mtu, bwana mkubwa. Sijamwona bado." Akajaza fomu ya likizo ya siku tatu.

Getini mlinzi alitunyooshea mkono tusimame. "Kama ni waandishi wa habari, rudini mlikotoka."

"Mimi ni opereta wa simu," Dada akasema. "Nimekuja kuhesabu watu."

Mlinzi alicheka, na katika kucheka kwake akasahau kutufukuza. Alimwita fundi wa tanuri, maana meneja alikuwa hataki kuonana na mgeni yeyote. Fundi alitoka amejaa unga mpaka kwenye nyusi. Alituingiza ndani. Kati ya matanuri matatu, moja tu lilikuwa na moto. Maboksi yaliyorudishwa yalikuwa yamepangwa hadi kwenye dari. Wafanyakazi walikuwa wameshaambiwa kwamba hali ikiendelea vile, mwisho wa Machi nusu yao watabaki nyumbani. Mwanamke mmoja wa idara ya kufungasha alimshika Dada mkono akamwambia, "Dada yangu, mimi hata wifi yangu hataki kula kwangu. Anasema nanuka maiti." Nilitazama viatu vyangu.

Mashine ya kukandia ilikuwa na kifuniko cha nondo. Dada aliomba kiinuliwe, na kilipoinuliwa mashine ikazima yenyewe. Aliomba kiinuliwe tena. Mara tatu. Kisha akaomba daftari la mahudhurio. Majina yalikuwa mia na themanini na saba. Tukasimama getini siku mbili, zamu ya asubuhi na zamu ya mchana, yeye anauliza jina, anatazama uso, mimi natia alama kwa kalamu. Watu walitania. Mmoja alisema, "Mimi ni mzima, lakini mniandikie nusu, mguu unaniuma." Mwisho wa siku ya pili tulijumlisha. Walikuwa mia na themanini na sita.

Aliyepungua alikuwa mkandaji wa unga wa zamu ya pili. Yaani mtu wa mashine ile ile. Hakuonekana kazini tangu tarehe 22 Januari.

Fundi wa tanuri alikaa chini juu ya boksi. "Nilidhani ametoroka tu," alisema. "Hakuaga. Sikujua alikokwenda, na nikaogopa kuuliza."

Na mimi, Mungu anisamehe, niseme ukweli mbele ya dada yangu: moyo wangu uliruka kwa furaha. Nilifikiri huenda sikusema uongo. Dada aliniona usoni, akanijua, maana amenilea. Akasema tu, "Bado hatujui. Twende tukamtafute."

Siku ya tatu tulikwenda alikopanga. Mwenye nyumba akasema amehama usiku mmoja na mkewe, mbiombio, mkewe akilia. Nikazidi kuwa na matumaini yangu mabaya. Dada akauliza mke ni wa wapi, wakwe wanafanya kazi gani, nani aliwabebea vyombo. Kufikia saa nane mchana, tukiwa pamoja na fundi wa tanuri kwenye gari langu la kufundishia, lenye ubao wa "mwanafunzi" juu ya paa, tulisimama mbele ya nyumba ya wakwe, mwendo wa saa tatu kutoka mjini. Mlangoni alikaa mwanaume aliyekonda, macho mekundu, ameshika mtoto mchanga mkono wa kulia na mwingine mkono wa kushoto.

"Wewe ndiye mkandaji wa zamu ya pili?" Dada akauliza.

"Ndimi. Karibuni. Samahani, siwezi kuwapa mkono."

"Unaendeleaje?"

"Silali, lakini mzima." Mapacha walikuwa wamezaliwa kabla ya wakati, mkewe aliponea chupuchupu, na barua ya kuomba ruhusa alimpa rafiki yake aipeleke kiwandani. Ile barua, tuliambiwa baadaye, ilipatikana kwenye mfuko wa suruali iliyofuliwa.

Dada akamwambia polepole, "Mwanangu, huko mjini watu wanasema umekufa."

"Mimi? Nani kasema?"

Dada akageuka akanitazama.

Sijawahi kucheka na kulia kwa wakati mmoja kama nilivyofanya mlangoni pale. Fundi wa tanuri alimkumbatia mkandaji pamoja na mapacha, akawapaka wote unga wa nguo zake za kazi. Wiki iliyofuata mkandaji alirudi mjini, wakampiga picha amesimama kando ya mashine yake na watoto wake wawili, na Dada akaandika barua pepe yake. Ilikuwa fupi. Ilisema nani amehesabiwa, lini, na aliyewahesabu ni nani. Kichwani hakuandika "tuma kwa kila unayemjua". Aliandika namba ya simu ya mezani kwake, na chini yake: "Mwenye shaka aniulize." Mimi niliandikia watu wangu themanini na wanne, mmoja mmoja, nikieleza kwamba sina jirani anayefanya kazi pale. Walinijibu sita. Mmoja wao aliomba nisimwandikie tena.

Kwa wiki tano simu yake haikupumzika. Alipokea simu mia nne thelathini na moja, daftari lipo. Meneja wa bima alimwita ofisini. "Wewe ni mtumishi wetu au mpelelezi?" Dada akamjibu, "Bwana meneja, watu wale tumewakatia bima sisi. Nimewatazama tu kama wapo." Hakuitwa tena. Mwisho wa Machi ulifika, ukapita, na hakuna aliyeambiwa abaki nyumbani. Tanuri la pili liliwashwa tarehe 2 Mei, la tatu mwezi wa Agosti. Naona baadhi ya watu wa kiwanda wamesimama pale nyuma. Asanteni kwa kuja. Na nyinyi vijana wawili mnaofanana, mliobeba viti asubuhi ya leo, ndio mapacha wenyewe.

Juu ya ndoa. Fundi wa tanuri alikuwa mgane mwenye mabinti wawili. Baada ya mambo kutulia, akawa anapiga ile namba kuuliza uvumi ambao hakuna mtu mwingine aliyewahi kuusikia. Mara amesikia kampuni ya viberiti inapunguza njiti, mara kampuni ya sabuni inakata pembe za vipande. Dada aliuliza kote, akahesabu njiti, akampa majibu kwa uaminifu. Ikaendelea miezi. Siku moja fundi akasema, "Bibie, nasikia pale bima kuna opereta mmoja, mwerevu, na hajaolewa. Ni kweli?"

"Nani kasema?"

"Nimepiga mapokezi, nimeuliza mwenyewe."

Dada alituambia kwamba tangu aajiriwe mwaka 1977 hakuna aliyewahi kumjibu swali lile hivyo. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 14 Desemba 2002. Alikuwa na miaka arobaini na minne. Wapo waliosema mengi, lakini mama yetu, aliyekuwa hai bado, alicheza mpaka viatu vikakatika. Mabinti, mmoja wa miaka tisa na mmoja kumi na miwili, walimwita "Bi" kwa mwaka mzima naye hakuwahimiza. Kisha yule mdogo alileta fomu ya shule amejaza mwenyewe. Mahali pa jina la mama aliandika jina la marehemu mama yake, kwa mwandiko mzuri, na kando yake, kwa herufi ndogo, la Dada. Mwalimu alikuwa amerudisha fomu, anataka jina moja. Dada alivaa viatu akaenda shuleni. Fomu ikabaki na majina mawili.

Msidhani alikuwa wakili wa makampuni. Mwaka 2004 ilikuja barua pepe juu ya birika la umeme la aina fulani, kwamba linapiga shoti. Kufikia wakati huo pale bima walishazoea, wakaicheka kabla hajafungua mdomo: "Nyingine hiyo, Bi Nanikasema!" Dada hakucheka. Alikwenda dukani akanunua birika lile, akampelekea fundi umeme wa jengo. Fundi aligusisha kipimo kwenye bati la birika, taa ikawaka. Wakanunua la pili kwenye duka jingine, taa ikawaka. Alikwenda ofisi ya viwango mara tano na birika kwenye kikapu. Wakala wa yale mabirika alimletea nyumbani seti ya sufuria saba, na mifuniko yake.

"Za nini hizi?" Dada akauliza.

"Za shukrani, mama, kwa uvumilivu wako."

"Sijavumilia bado. Ndiyo kwanza naanza."

Sufuria zilirudi na mwenyewe. Mabirika yaliondolewa madukani Oktoba 2005. Pale bima hawakumcheka tena kabla hajauliza.

Alistaafu tarehe 30 Aprili 2013. Barua pepe zilikuwa zimepitwa na wakati, uvumi umehamia kwenye makundi ya simu za mkononi, basi majirani wakawa wanamletea simu zenyewe. Alikaa barazani, miwani puani, mbele yake foleni kama ya kliniki. Muuza duka la kona amenitajia kwamba alikuja kuuliza habari moja akakaa saa mbili, akasahau duka liko wazi. Aliporudi alikuta wateja wamejihudumia na kuacha fedha mezani. Dada akamwambia hiyo ndiyo habari ya kusambaza, na watu hawataiamini.

Agosti 2021 aligunduliwa kuwa na maradhi ya figo. Kuanzia Februari 2022 alikuwa akisafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa, na mumewe alimsindikiza kila siku bila kukosa hata moja. Aliwauliza madaktari maswali mpaka mmoja wao akaanza kuja na majibu yameandikwa. Wauguzi walimpenda. Wagonjwa wenzake aliwafundisha kuuliza kila dawa inaitwaje na ni ya nini.

Januari mwaka huu mdogo wetu wa mwisho, dada yetu mshonaji, alipata ujumbe kwenye simu kuhusu kampuni inayotengeneza unga wa kusafisha figo kwa siku ishirini na moja. Kulikuwa na picha ya daktari na watu waliopona. Aliutuma kwa Dada kwa upendo, kwa haraka, bila kuusoma hadi mwisho. Dada aliupokea mimi nikiwa pale. Akachukua daftari. Akapiga kampuni, akaomba jina la daktari, akaomba hospitali aliyofanyia kazi. Akapiga hospitali. Hawamjui. Akapiga namba ya mmoja wa waliopona, na mtu yule, kwa adabu sana, akasema yeye ni kinyozi, alipigwa picha ile akitangaza mashine za kunyolea.

Dada aliweka simu mezani. Kisha akaniambia, "Mdogo wangu, leo nilipokuwa napiga, nilikuwa naomba Mungu jibu liwe ndiyo."

Nilimshika mkono. Akaniacha niushike, halafu akaanza kucheka, kile kicheko chake cha tumboni, mabega yakitikisika. "Lakini kinyozi yule amepona kweli," akasema. "Sauti yake ina afya!" Kisha akampigia mdogo wetu. Hakumwambia kwamba amedanganywa. Alimwambia, "Asante kwa kunifikiria, mwanangu. Nimeuliza. Hii haitufai, ila wewe usiache kunitafutia." Kwa hiyo mdogo wetu, mama, futa machozi. Hakukulaumu hata siku moja.

Mwezi wa Mei aliomba kuuona wasifu huu. Nilimwambia si kawaida. Akasema tarehe atazikosoa nani akishaondoka. Nikampelekea. Alirekebisha mwaka mmoja na jina la idara moja. Mahali nilipoandika "alipendwa na wote" alikata "wote", akaandika juu yake "wengi". Nilibisha. Akasema, "Wakala wa mabirika je?" Mahali nilipoeleza habari za kiwanda, nilikuwa nimeandika kwamba "baadhi ya watu" waliisambaza ile barua. Hapo hakukata kitu. Alichora mstari mwembamba kwa penseli chini ya maneno yale, akanirudishia karatasi. Ndiyo maana leo mmesikia kama mlivyosikia.

Dada yetu alifariki Jumanne tarehe 4 Juni 2024, saa nne na dakika kumi asubuhi, katika wodi ya wanawake, kitanda kilicho karibu na dirisha. Mumewe alikuwa amemshika mkono, binti mkubwa yuko miguuni, binti mdogo anamsomea gazeti. Alikuwa na umri wa miaka sitini na sita. Hakuteseka mwisho wake. Nilimuuliza daktari, nikamuuliza na muuguzi.

Ameacha mume, mabinti wawili ambao mmoja ni mfamasia na mwingine fundi wa majokofu, wakwe wawili, wajukuu wanne, wadogo zake wawili, shemeji, mawifi, na watoto wa ndugu ambao wote walimwita Mama. Ameacha pia madaftari kumi na tisa, ambayo familia imekubaliana yakae maktaba ya mji, yeyote ayasome.

Mwenyezi Mungu ampokee, amlaze mahali pema, na ampe raha na amani ya milele. Nenda salama, Dada. Huku tutaulizana.